Saa Mbili na Dakika Kumi na Mbili

Alhamisi Muhenna aliuliza,
kijana wetu mpya kutoka Ibri, wiki ya kwanza kazini:
kwa nini tunaanza saa mbili na dakika kumi na mbili?
Kwa nini si saa mbili kamili, kama watu?

Tukatazamana.
Ghala, ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi,
watu sita wamesimama mbele ya friji.

Nikamwambia, kaa nikueleze.
Kisha nikakumbuka hatukai.

Mwanzo alikuja mshauri, koti la sufi mwezi wa Juni,
akachora duara ubaoni, akagawa karatasi za rangi.
Kila asubuhi msimame, alisema,
kila mtu ajibu: jana nini, leo nini, nini kimekuzuia.
Dakika kumi na tano, basi.
Akalipwa, akaondoka na kalamu zetu.

Tulimtii wiki mbili.
Kiyoyozi kikazipeperusha karatasi,
kazi za watu zikalala chini ya meza, zikafagiwa,
mpaka Zuweina akaleta sumaku za mwanawe,
ndizi, herufi, tumbili mwenye sikio moja,
akazibana kazi zetu kwenye mlango wa friji.
Ndiyo maana tunasimama hapa.
Ndiyo maana kazi iliyokwama tunaiita tumbili,
na mtu anayetaka maziwa husema, samahani, nipisheni.

Na saa?
Saa ni ya Biju.
Basi lake la Wadi Kabir lilifika saa mbili na dakika kumi.
Ngazi, dakika mbili.
Hakuna aliyepitisha azimio.
Siku ya kwanza tulimngoja, ya pili tukamngoja,
ya tatu kungoja kukawa sheria.
Ramadhani ilipoingia ofisi ikafunguliwa saa tatu,
nasi tukaanza saa tatu na dakika kumi na mbili.
Saa ilihama. Dakika zikagoma.

Zuweina alipokuwa mzito tulimwekea kiti.
Kiti kikaita kiti, viti vikaita hadithi,
dakika kumi na tano zikawa arubaini,
hata bei ya mbuzi ikajadiliwa.
Nabhan akavirudisha vyote ila kimoja.
Hicho hapo.
Hukikalia aliyelala vibaya, na haulizwi.

Mengine yalizaliwa kwa aibu.
Jioni moja ya Alhamisi tulitoa toleo haraka haraka,
bibi mmoja wa Sidab akatumiwa bili ya maji ya hoteli.
Alipiga simu, hakutukana.
Alituuliza tu: wanangu, nimeoga mara ngapi?

Tangu hapo Alhamisi hatutoi kitu.
Na kabla ya kutoa, aliyeandika husoma kwa sauti
amebadilisha nini, kwa lugha ya kwao:
Biju Kimalayalamu, Nabhan Kiarabu,
mimi na Zuweina Kiswahili cha bibi zetu.
Nusu yetu hatuelewi. Tunasikiliza pale sauti inapositasita.
Kosa liko hapo.

Biju amerudi Kochi, mwaka wa pili sasa.
Alijua maneno mawili tu ya Kiswahili,
"haya, kazini," na ndiyo yaliyofunga kikao.
Bado yanakifunga.
Zuweina huyasema kwa lafudhi ya Biju,
wala hajui kwamba anaiga.

Muhenna aliandika yote daftarini.
Akafunga, akafungua tena:
lakini sasa hakuna anayekuja na basi.
Kweli, nikasema.
Nikamtazama Nabhan. Nabhan akatazama tumbili.

Jumapili ilipofika saa mbili na dakika kumi na mbili
tulikuwa sita.
Muhenna alikuwa chini, kwenye foleni ya karaki,
vikombe saba, na muuzaji hana haraka.
Dakika ya kumi na nne.
Ya kumi na sita.
Tukasikia viatu kwenye ngazi, polepole, asimwage.

Hakuna aliyekuwa ameanza.